Amplifaya ya gitaa toka nje: soma mgongoni kabla hujachomeka

Wapiga gitaa wa Mtwara na Lindi, hili ni la bure. Amplifaya ya mtumba ikifika, msiikimbize kwenye soketi. Igeuzeni, msome nyuma. Ikiandikwa 120V 60Hz, ilitengenezwa kwa soko la Marekani, 100V, Japani. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Ile adapta ya plagi inabadilisha meno tu, volti zinabaki zilezile.

Zenye swichi ya kuchagua volti hazina shida, mradi iwekwe kwenye 230 au 240 kabla hujachomeka. Isipokuwa nayo, fundi afungue aangalie transfoma. Baadhi zina koili mbili za volti 120 upande wa kuingizia umeme, zimeungwa sambamba; zikiungwa kwa mfululizo, mwelekeo ukiwa sahihi, zinapokea 240. Halafu fyuzi, ambayo mafundi wengi huisahau: volti zikiwa mara mbili, ampea zinashuka nusu, kwa hiyo ya 2A inakuwa 1A, tena aina ileile ya kuchelewa kukatika. Varista (kijenzi cha kukinga mshtuko wa volti) ya volti 120 ikiwepo kwenye laini, nayo ibadilishwe, la sivyo itapasuka.

Koili ni moja tu? Nunua transfoma ya kushusha umeme, wati zake zizidi zile ambazo amplifaya inakula kutoka kwenye soketi. Iweke mbali na gitaa, maana inaleta mvumo.

Na kama ni ya valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti), kapasita zake, yaani vihifadhi chaji, hubaki na volti mia kadhaa hata ukishachomoa. Asiye fundi asitie mkono humo.