Kutumia majani na magome ya mwarobaini nyumbani

Mwarobaini ulitoka Bara Hindi, lakini umezoea pwani yetu hata wengi wanaudhani ni mti wa asili hapa, na jina lake linatokana na imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Kwa maoni yangu, heshima yake ya kweli iko kwenye ngozi na kinywa.

Hakikisha kwanza kwamba mti ulio mbele yako ndio wenyewe. Jani lake lina vijani vyenye meno kama ya msumeno, vilivyopangwa pande mbili za kikonyo kimoja, na maua yake ni meupe. Uko mti wa jamaa yake unaopandwa kama pambo, wenye maua ya zambarau na vikonyo vinavyogawanyika tena. Huo usiutumie, kwa kuwa matunda yake yana sumu.

Kwa ngozi inayowasha, kama ilivyo kwa harara na tetekuwanga, chuma majani mabichi mbali na mashamba yanayopuliziwa dawa, uyaoshe, kisha uchemshe viganja viwili vilivyojaa katika lita 2 za maji kwa muda wa dakika 15. Funika sufuria mpaka maji yawe vuguvugu, uyachuje kwa kitambaa safi. Kabla ya kuoga, paka kidogo ndani ya kiwiko na usubiri siku moja, maana ziko ngozi zisizopatana na mti huu. Ukiona salama, jimwagie taratibu bila kusugua, uache mwili ukauke wenyewe. Maji yaliyobaki yamwagwe, na ya kesho yachemshwe upya. Mwenye upele asitegemee kuoga peke yake: anahitaji dawa ya hospitali, watu wote wa nyumba watibiwe pamoja naye, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto.

Kunywa ni jambo jingine, nami nasisitiza tahadhari. Wazee wengi walikunywa maji ya mwarobaini kwa homa, lakini malaria inahitaji kipimo na dawa mseto, na mtoto mwenye homa hapaswi kucheleweshwa nyumbani kwa kikombe cha majani. Mjamzito na mwanamke anayetafuta ujauzito wasiunywe kabisa. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa anaweza kushukiwa na sukari kupita kiasi. Mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwaletea watoto wachanga kutapika, degedege na hata kifo, kwa hiyo yasiwaingie kinywani.

Kwa meno, kata kijiti chenye unene wa kidole kidogo, utafune ncha mpaka iwe nyuzi laini, kisha upige mswaki. Kwa fizi zinazotoka damu, chemsha kipande cha gome kwa dakika 20 katika nusu lita ya maji, usukutue na kutema. Fizi zisipopona, au jino likiwa limetoboka, mwone daktari wa meno.

Gome lichukuliwe kwa huruma. Bandua ukanda mwembamba wa wima kutoka kwenye tawi, wala usizungushe kisu kwenye shina, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome, na mti uliobanduliwa mzunguko mzima hufa ukiwa umesimama.