Upasuaji wa plastiki na upasuaji wa urembo sio kitu kimoja, jua tofauti kabla hujatoa hela

Watu wengi wakisikia upasuaji wa plastiki akili inakimbilia makalio na pua za mastaa, na hapo ndo shida inaanzia, kuna mzazi ana mtoto aliyeungua yuko nyumbani anaamini hayo ni mambo ya matajiri kumbe hiyo huduma ni ya mwanae kabisa.

Anza na swali moja tu. Hiyo sehemu ya mwili ina tatizo, au iko sawa ila wewe hujaipenda? Kama ina tatizo, la kuzaliwa nalo au limetokana na ajali, moto, saratani, huo ni upasuaji wa plastiki wa kurekebisha, hospitali nyingine wanauita upasuaji rekebishi. Kama iko sawa na inafanya kazi ila unataka muonekano mwingine, huo ni wa urembo.

Chukua mtoto kamwagikiwa uji wa moto mkononi. Kidonda kimepona lakini kovu limevuta vidole vimejikunja mpaka kwenye kiganja, kushika kalamu hawezi. Daktari anakata lile kovu vidole vinyooke, pale palipobaki wazi anapandikiza ngozi aliyoitoa pajani, halafu mtoto anavalishwa kifaa cha kunyoosha mkono kwa miezi maana ile ngozi inapenda kusinyaa tena. Jamani hicho kifaa msikivue mapema eti kwa sababu mkono umeshapendeza, vidole vitarudi vilevile.

Mdomo sungura nao uko huku kwenye kurekebisha. Kwa kawaida upasuaji unafanywa mtoto akifika kama miezi 3, uzito uwe umekaribia kilo 5 na kipimo cha wingi wa damu (Hb) kisipungue 10, kwa hiyo mlisheni vizuri. Hailazimu uwe na hela, hospitali ya CCBRT pale Dar wanafanya, na shirika la misaada la Smile Train linalipia hospitali kadhaa Tanzania na Kenya mgonjwa atibiwe bure. Hata AMREF, lile shirika la afya lililoanza kama madaktari wa ndege, ilianzishwa 1957 na madaktari watatu wa upasuaji wa plastiki, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na kilichowasukuma ni majeruhi na wagonjwa waliokuwa mbali na hospitali, sio pua za mastaa.

Kuna operesheni zinakaa katikati. Kupunguza matiti kwa mfano, mmoja anataka nguo zimkae, mwingine mgongo unamuuma kila siku na mikanda ya sidiria imemchimba mabega, kisu ni kilekile ila sababu ni tofauti.

Sasa daktari. Hapa nisikilizeni vizuri. Daktari bingwa wa upasuaji wa plastiki amesomea udaktari kwanza, halafu akaongeza miaka ya ubingwa, na urembo ni sehemu ya kazi yake. Lakini anayejitangaza Instagram kuwa ni wa urembo anaweza kuwa daktari wa kawaida aliyepitia kozi fupi. Uingereza kwenyewe sheria inamruhusu daktari yeyote aliyesajiliwa kufanya upasuaji wa urembo, kwa hiyo usidhani ukipanda ndege umeshakuwa salama. Muulize bila aibu, ubingwa wako ni wa nini na umesajiliwa wapi? Kenya unaangalia rejista ya KMPDC, yaani baraza la madaktari na madaktari wa meno, Tanzania ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Uliza pia dawa ya usingizi anatoa nani, na kidonda kikianza kutoa usaha wiki ya pili unampigia nani, hasa kama unaenda Uturuki na tiketi ya kurudi ni baada ya siku chache.

Na wanaotaka kuongeza makalio kwa mafuta yao wenyewe, mafuta yakichomwa ndani ya msuli yanaweza kuingia kwenye mshipa mkubwa wa damu yakafika kwenye mapafu, mtu anafia palepale mezani. Mwaka 2018 jopo la vyama vya madaktari lilikadiria kifo kinaweza kufikia 1 kwa kila operesheni 3,000, zaidi ya upasuaji wowote mwingine wa urembo. Aliye makini anaweka mafuta chini ya ngozi tu, msuli haugusi, muulize hilo.

Bima kwa kawaida hailipi urembo. Ila kama tatizo lako ni la kurekebisha, mwombe daktari aandike kwenye barua kitu unachoshindwa kufanya, mkono haunyooki, jicho halifumbi, shingo haigeuki, asiishie kuandika kovu tu.