SOMO: Kuishi kwenye barafu ndani ya RimWorld, gemu la kompyuta la kujenga kijiji na kulinda watu wake (soma kabla hujaniuliza)

Assalaam aleikum wanachama. Kila wiki napata ujumbe ule ule: "Maalim, nimechagua barafu, watu wangu wamekufa wote, nifanyeje?" Vidole vimechoka. Majibu nayaweka hapa, na atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa hapa.

Nachukulia umeanza kwa mwanzo wa kawaida: watu watatu, milo ya akiba 50, chuma 450, mbao 300, vipuri 30. Barafuni hakuna mti wala udongo wa kulima, na mawindo ni ya kubahatisha. Sisi wa Malindi tukisikia barafu tunaogopa baridi. Baridi ina dawa. Hita moja inakula wati 175 tu. Kinachomaliza watu ni njaa, na njaa huingia siku stima inapozimika.

1. Chagua eneo lenye vilima, upate mawe na chuma cha kuchimba.

2. Jenga chumba kimoja kidogo, wote walale humo. Ezeka chote. Paa likiwa wazi zaidi ya robo, gemu linakihesabu chumba kuwa ni nje.

3. Milango iwe miwili, mmoja nyuma ya mwingine. Kuta nazo ziwe mbili mbili.

4. Mbao usizifanyie vitanda wala kuta. Sababu iko namba 6.

5. Utafiti wa kwanza ni haidroponiki, yaani kulima kwenye beseni za maji bila udongo. Si bunduki, si zulia. Watu watatu wanaimaliza ile milo 50 kabla ya siku kumi, sasa hayo mapambo ya nini? Beseni moja ni chuma 100 na kipuri kimoja. Taa ya jua, ile ya umeme inayomulikia mimea badala ya jua, inakula wati 2900. Panda mpunga, ndio unaowahi. Taa moja inatosha beseni 24, lakini usizikimbilie zote. Anza na chache ambazo stima yako inaziweza.

6. STIMA. Hii isome mara mbili. Mlipuko wa jua ukija, kila cha umeme kinalala: hita, taa, beseni. Betri hata zikiwa zimejaa hazisaidii kitu. Beseni likikosa stima mmea unaanza kufa, na chumba nacho kinapoa wakati huo huo. Mimi nilizika kijiji kizima kwa njia hii: beseni zote nilizipanda siku moja, mpunga umekaribia kuvunwa, ghalani hamna punje. Kwa hiyo pandeni kwa zamu, beseni hizi leo, zile baada ya siku mbili. Usipokee mtu mpya kabla hujawa na mpunga wa akiba. Zile mbao ni za moto wa kuni ndani ya chumba: mbao 20 unawasha, na moto haujali jua limelipuka au halijalipuka. Betri zikae ndani, chini ya paa, na nusu yake zitenge kwa swichi, maana shoti ikipiga inakomba betri zote zilizo kwenye waya mmoja. Paneli za sola usizitegemee. Karibu na ncha ya dunia, majira ya baridi jua halichomozi kabisa. Ukishapata chuma cha kutosha na utafiti wake, jenga mtambo wa umeme juu ya chemchemi ya mvuke. Wati 3600, usiku na mchana.

7. Jaketi zito na kofia kwa kila mtu. Kidole kilichokatika kwa baridi hakioti.

8. Ghala la chakula halitaki mashine. Chumba kisicho na hita kinatosha.

Wapo wanaokula wavamizi walioganda mlangoni. Mbinu yenyewe inafanya kazi. Hapa haifundishwi.

MASWALI

Chafi: Maalim, watu wangu wanakufa njaa siku ya kumi na mbili hivi, shida nini?

Maalim: Namba 5.

Chafi: Niliiruka, ndefu.

Maalim: Ndiyo maana wanakufa.

Mto Sabaki: Kwani lazima barafu? Msituni unalima nje, kuni tele. Naona ni kujitesa tu.

Maalim: Hakuna aliyekulazimisha, yakhe. Nimeulizwa barafu, nimejibu barafu.

Binti Mkomani: Shikamoo maalim. Kuta mbili nimezijenga, na kweli hita sasa zinapumua. Huku Amu nyumba yetu ni ya mawe, kuta nene, mchana ndani pako poa. Je, jangwani kuta mbili zitazuia joto vivyo hivyo? Na nikiona stima inakatika, ule mpunga usiokomaa niuache ufe?

Maalim: Marahaba mwanangu. Haya ndiyo maswali. Ndiyo, zinazuia, gemu halibagui joto na baridi, ukuta mnene unapunguza kuingiliana na nje. Jangwani ongeza kile kipozeo cha mbao 50 kisichotumia umeme, ila mbao huko nazo ni za kuhesabu, kwa hiyo bora uchimbe vyumba ndani kabisa ya mlima. Mpunga usiuache. Bonyeza mmea utaona asilimia. Ukishavuka 65 unavunika. Mavuno yanapungua, lakini utakula. Nakuongezea moja: kabla hujafika kwenye utafiti wa mtambo, ile chemchemi ya mvuke izungushie ukuta na paa. Itapasha chumba bure. Angalia tu joto lisipande likakuunguzia watu. Toa tundu la hewa kuelekea chumba cha pili.

Kasa wa Shela: Hiyo ya mvuke sikuijua, shukrani. Nje ya mada: stima ya kweli ikikatika huku Shela napoteza mchezo wa jioni nzima.

Maalim: Ingia kwenye mipangilio, fanya gemu lijihifadhi kila siku ya humo ndani. Litakwama kidogo kila likihifadhi, vumilia.

Mto Sabaki: Na kompyuta usiilaze kwenye godoro, feni inazibwa. Kaskazi hii yangu ilikuwa inajizima yenyewe. Sasa naiweka juu ya mbuzi ya kukunia nazi, hewa inapita chini.

Binti Mkomani: Na mama akitaka kukuna nazi?

Mto Sabaki: Nasimamisha gemu, nasubiri.