Kabla ya Kununua Kichwa cha Amplifaya ya Besi: Mambo ya Kuzingatia kwa Mpigaji wa Mombasa

Mpigaji besi anayedunduliza fedha ili apate kichwa chake cha kwanza cha amplifaya, yaani kile kisanduku kinachoikuza sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye spika, kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei na wati. Mimi ningemshauri aanze na umeme utakaokiendesha, spika kitakayounganishwa nayo na hewa kitakamofanyia kazi, kwa maana vichwa vya bei nafuu nilivyoviona vikiharibika hapa mjini viliponzwa zaidi na mambo hayo matatu kuliko na unyonge wa kutengenezwa kwake.

Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na hezi 50, ilhali kichwa kilicholetwa na jamaa kutoka Marekani huenda kilitengenezewa volti 120 pekee. Kabla ya kulipa, mnunuzi akigeuze asome maandishi ya nyuma. Kikiwa kimeandikwa volti 100 hadi 240, hakuna la kurekebisha. Kikiwa na swichi ya kuchagua volti, ahakikishe imeelekezwa upande wa 230 au 240, na kwamba fyuzi nayo imebadilishwa, kwa sababu kifaa kinapotumia volti ndogo huvuta mkondo mkubwa zaidi, na fyuzi iliyopimwa kwa volti 120 huwa kubwa mno kuweza kukilinda kwenye volti 240. Kisipokuwa na kimojawapo, itabidi anunue transfoma ya kushusha volti, ambayo yaweza kuwa nzito kuliko kichwa chenyewe. Anayeagiza kutoka ng'ambo pia aweke kando fedha za forodha, pamoja na kodi ya VAT ya asilimia 16, kabla hajasema amepata cha rahisi.

Harusi nyingi za uwanjani huendeshwa kwa jenereta, na jenereta huyumba: taa nyingi zikizimwa kwa pamoja, volti hupanda ghafla. Kichwa kiwashwe baada ya mashine kutulia, na kizimwe kabla haijazimwa. Kile kifaa cha kulindia friji kinafaa nyumbani, lakini jukwaani kina dosari moja kubwa, kwamba kikishakata umeme hungoja dakika kadhaa kabla ya kuurudisha, na chakacha iliyokolea haiwezi kungoja besi kwa muda huo. Stabilaiza, yaani kifaa cha kutuliza volti, yenye uwezo wa kutosha ni afadhali.

Kuna jambo moja ambalo naomba lisipuuzwe na yeyote. Muungurumo ukisikika kwenye spika, baadhi ya watu hukata waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini, kwenye plagi ili unyamaze. Mpigaji hushika nyuzi za chuma huku mdomo wake ukigusa maikrofoni, na hitilafu ikitokea wakati ethi imekatwa, umeme unaweza kupita mwilini mwake. Vichwa vingi, hata vya bei ya chini, vina swichi ndogo inayotenganisha ethi ya ule waya tu unaokwenda kwenye mikisa, yaani mtambo wa kuchanganyia sauti. Hiyo ndiyo ya kubonyezwa, na plagi iachwe na miguu yake mitatu.

Kuhusu spika, wati zinazotangazwa karibu kila mara ni zile za omu 4, omu zikiwa kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Kichwa kidogo kama Warwick Gnome, chenye uzito wa takriban kilo moja, hutoa wati 200 kwa omu 4, lakini kikiunganishwa na boksi moja la spika la omu 8 nguvu yake hupungua sana. Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba, kila moja likipokea umeme wake moja kwa moja, huwa omu 4, na hapo ndipo kichwa hufanya kazi yake kamili. Mawili ya omu 4 huwa omu 2, kiwango ambacho vichwa vingi vya bei nafuu havikistahimili. Kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, yaani vipimo vya ukubwa wa sauti, tofauti ambayo sikio huitambua bila kustaajabu, kwa hiyo fedha za ziada zina faida zaidi zikinunua boksi la pili. Waya wa kwenda kwenye spika uwe wa spika kwelikweli, wala usiwe ule wa gitaa, ambao uzi wake wa ndani ni mwembamba, hupata moto na unaweza kugusana ukaunguza kichwa.

Hewa ya pwani ndiyo adui asiyeonekana. Chumvi inayopeperushwa na upepo wa Nyali au Bamburi hunata ndani ya kifaa, hunyonya unyevu na kula matundu ya waya taratibu, huku feni ikiendelea kuivuta hewa hiyo ndani. Kichwa kikitolewa kwenye ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi na kupelekwa ufuoni, hutoka jasho kama chupa ya soda baridi. Kiachwe nusu saa kabla ya kuwashwa. Baada ya kazi kipoe kwanza, ndipo kitiwe kwenye mfuko wake pamoja na vijifuko vya kunyonya unyevu.

Anayenunua kilichotumika hana budi kukijaribu kwa sauti kubwa kwa dakika 20, akizungusha kila kitufe na kutikisa kila waya, kisha anuse kama kuna harufu ya kuungua. Ajue pia kwamba vichwa vyepesi vya kisasa vina vipuri vidogo mno vilivyobanana kwenye bodi moja, na fundi wa redio mtaani mara nyingi hawezi kuvishughulikia, ilhali kile cha zamani chenye transfoma nzito humshinda mara chache.

Lakini uzito nao una gharama yake kwa mtu anayevuka feri ya Likoni kwa miguu usiku wa manane. Kwa huyo, cha wati 200 chenye tundu la kupeleka sauti kwenye mikisa kinatosha, kwa kuwa katika ukumbi mkubwa wageni watasikia besi kupitia spika za ukumbi, na kichwa kitabaki kumsikilizisha mpigaji mwenyewe na ngoma iliyo karibu naye. Amwombe fundi mitambo achukue sauti kabla haijapita kwenye vitufe vya kichwa vya kuirekebisha, ili atakapoongeza uzito wa besi jukwaani asiuvuruge ukumbi mzima.