Hilux ya 22R imekosa nguvu na inatoa moshi mweusi: tafuta huku kwanza kabla hujafungua kabureta

Hilux za 22R bado ziko nyingi barabarani, zinabeba mahindi, mbao, matofali na watu, na injini yenyewe ni ngumu kweli, cc 2366, inatumia cheni, spea zake zipo mpaka vijijini. Ila zikishazeeka kuna tatizo moja linazipata sana: gari inakuwa nzito, mlima iliokuwa inaupanda na gia ya tatu sasa inataka ya pili, nyuma moshi mweusi, harufu ya petroli mpaka ndani ya kebini na mafuta hayakai kwenye tenki. Ukiipeleka gereji kitu cha kwanza fundi anashika bisibisi anaingia kwenye kabureta. Hiyo tabia naikataa kabisa. Mara nyingi sana kabureta haina kosa lolote, na ikishachokonolewa sasa una matatizo mawili. Fuata huu mpangilio, unaanza na vya bure unamalizia na vya gharama.

Kwanza hakikisha ni injini kweli

Piga jeki gurudumu moja moja, weka fri, zungusha kwa mkono. Breki za ngoma za nyuma zikishika, au waya wa handbreki umekaza, gari itakuwa nzito na wewe utakanyaga mafuta zaidi kila safari, matumizi yanapanda na injini haina hatia. Ukitoka barabarani gusa rimu zote nne kwa tahadhari, ile iliyo moto kuliko wenzake ndo yenye shida. Alafu krachi: ukikanyaga mlimani injini inapiga kelele ila spidi haipandi, hiyo ni krachi inateleza, usiguse kitu kingine.

Angalia pia rangi ya moshi mchana. Mweusi ni petroli nyingi au haiungui vizuri, wa bluu ni oili, mweupe mzito usioisha injini ikipata moto ni maji. Huu mwongozo ni wa mweusi tu.

Chomoa dipstiki uinuse

Ndiyo, inuse. Kama oili inanuka petroli na imepanda juu ya alama bila wewe kuongeza, simamisha gari hapo hapo, usiendeshe hata kwenda gereji. Petroli inailainisha oili na mabelingi ndo yanaumia. Njia za petroli kufika kule ni mbili kubwa: kabureta inafurika mafuta yanashuka kwenye silinda, au diaframu ya pampu ya mafuta imetoboka. Kwenye 22R ya kabureta pampu imefungwa pale mbele kwenye silinda hedi, inasukumwa na kemshafti, kwa hiyo diaframu ikichanika petroli inaweza kuingia ndani ikachanganyika na oili.

Soma plagi

Hii ndo hatua yenye habari nyingi kuliko zote na wengi wanaipita haraka. Endesha gari ikiwa na mzigo kidogo, ipandishe kilima, ukisimama zima hapo hapo, usiiache inaunguruma dakika kumi maana itazichafua plagi upya na utasoma uongo. Ikipoa kidogo chomoa plagi zote nne uzipange kwa mpangilio wa silinda, 1 mbele mpaka 4 nyuma.

Masizi makavu kama ya sufuria ya kuni, ukipitisha kidole yanatoka: petroli nyingi au moto dhaifu. Nyeusi inayong'aa yenye unyevu wa kuteleza: oili, hiyo ni ringi au sili za valvu. Rangi ya kahawia ya mchanga: iko sawa.

Sasa hapa sikiliza vizuri. Zikiwa nyeusi zote nne, tafuta kitu ambacho silinda zote zinakitumia pamoja, yaani eakilina, chok (kile kibati kinachobana hewa injini ikiwa baridi), kabureta, koili, taiming (wakati plagi inapopiga moto), ekzosi. Ikiwa nyeusi moja tu na tatu ziko safi, achana kabisa na kabureta, kwa sababu kabureta ni moja inalisha zote. Huyo mmoja ana plagi mbovu, waya wa plagi uliokufa au kompresheni imeshuka. Niliwahi kuletewa Hilux ambayo kabureta yake ilishafunguliwa na mafundi watatu tofauti, kumbe silinda ya 3 tu ndo ilikuwa haichomi, waya wake umekatika kwa ndani, kwa nje unaonekana mzima. Petroli isiyoungua ya silinda moja inatosha kabisa kunukisha gari nzima na kupunguza nguvu kwa robo.

Hewa, joto na chok

Eakilina ikijaa vumbi badilisha. Ukiipuliza kwa upepo puliza kutoka ndani kwenda nje, ukipuliza kutoka nje unalishindilia vumbi. Kipimo rahisi: itoe, endesha kidogo kwenye lami isiyo na vumbi, ikirudi nguvu umepata jibu. Usizoee kutembea bila eakilina maana vumbi letu linamaliza silinda mapema.

Joto sasa. Mafundi wetu wengi wanapenda kutoa thamostati wakidai gari isichemke. Mimi naomba sana mrudishe hiyo kitu. Injini isipofika joto lake petroli haigeuki mvuke vizuri, inabaki matone, haiungui yote, na kwenye gari yenye chok ya otomatiki inayopashwa na maji chok inachelewa kufunguka au haifunguki yote. Ukiwa sehemu za baridi kama Njombe, Makete au Limuru unaweza kuendesha asubuhi nzima na sindano ya joto haijatoka chini. Weka thamostati ya nyuzi 82 au 88 kulingana na toleo lako, kama gari inachemka tibu rejeta.

Alafu fungua mfuniko wa eakilina uangalie chok kwa macho. Injini ikiwa baridi kile kibati cha juu kinatakiwa kuwa kimefunga, ikipata moto kamili kinatakiwa kusimama wima kabisa. Kikibaki kimelala hata nusu, hapo hapo ndo moshi wako unatoka. Kama chok yako ni ya umeme pima kama umeme unafika ukiwasha switchi, kama ni ya kuvuta kwa waya hakikisha waya unarudi mpaka mwisho.

Moto

Moto dhaifu unaacha petroli bila kuungua na plagi zinakuwa nyeusi vile vile, ndo maana watu wanailaumu kabureta bure. Mwanya wa plagi milimita 0.8. Waya wa plagi upime kwa multimita, ukizidi kilo-omu 25 tupa. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Usiku, sehemu yenye giza, fungua boneti injini ikiwa inaunguruma uangalie: ukiona vimoto vya bluu vinatembea kwenye waya au kwenye kofia ya distributa basi moto unavuja. Usishike kwa mkono.

Taiming ipime kwa taa yake, usiweke kwa sikio, na namba sahihi ni ile ya kwenye kibandiko cha boneti au kitabu cha toleo lako maana zinatofautiana. Kuna kitu wengi hawakigusi, diaframu ya vakyumu ya distributa, ile inayosogeza taiming kwa mvuto wa hewa ya injini. Toa kofia, chomoa mpira wake kwenye kabureta uvute kwa mdomo: sahani ya ndani lazima isogee na ibaki imesogea ukiziba mpira kwa ulimi. Isiposogea diaframu imechanika. Vile vizito vya chini ndani ya distributa navyo vikiganda kwa kutu taiming haipandi ukikanyaga, gari inakuwa nzito, ekzosi inawaka moto na mafuta yanaliwa.

Kompresheni na tepeti

Hapa unapima kwa geji mbano wa kila silinda. Injini moto, toa plagi zote, kata umeme wa koili, mtu akanyage mafuta mpaka chini wakati wa kupiga stata. Ikiwa nzima inasoma psi 171 hivi, chini ya 142 imechoka, na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Iliyo chini itie oili kijiko kimoja urudie: ikipanda ni ringi, ikibaki pale pale ni valvu au gasketi. Kabla hujaumia moyo pima tepeti, yaani mwanya wa valvu, injini ikiwa moto, milimita 0.20 za kuingiza na 0.30 za kutoa moshi. Tepeti zilizokazwa sana zinaacha valvu wazi kidogo na kompresheni inapotea bila kitu chochote kuharibika, bado.

Na sikiliza mbele ya injini asubuhi ukiwasha. Mlio wa cheni inayogonga maana yake vile vipande vya plastiki vinavyoiongoza cheni vimekatika au cheni imerefuka, valvu zinachelewa, nguvu ya chini inakwisha. Usiisubirie, ikila kava la mbele maji yanaingia kwenye oili.

Ekzosi

Funga geji ya vakyumu kwenye manifodi. Ufukweni, Dar au Mombasa, injini nzima ikiunguruma inakaa inchi 17 mpaka 21 za zebaki na sindano imetulia. Toa inchi 1 kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo Mbeya 12 mpaka 15 ni sawa tu, usidanganyike kwamba injini imekufa. Sasa panda mizunguko 2500 ushikilie hapo. Sindano ikianza kushuka polepole bila wewe kugusa kitu, ekzosi imeziba, sailensa imevunjika ndani au, kwa zile zenye masega (kile kifaa cha kusafisha moshi), masega yameyeyuka. Moshi usipotoka hewa mpya haiingii.

Sasa ndo kabureta

Usivunje kitu bado. Ile ya Aisan ya kwenye 22R ina kioo kidogo pembeni, injini ikiunguruma petroli inatakiwa kuwa kwenye alama. Ikiwa juu ya alama, floti (boya la ndani) au sindano yake ina shida, au presha ya pampu ni kubwa. Kisha chungulia mdomoni ikiwa inaunguruma taratibu, na tochi, uso mbali kidogo. Kwenye ile nozo ya katikati petroli haitakiwi kudondoka kabisa kwenye mzunguko wa chini. Ukiona tone, tone, tone, linadondoka juu ya kibati cha chini, inafurika, na hiyo peke yake inaeleza moshi wako wote.

Kabla hujabadilisha sindano uliza kama kuna mtu aliweka pampu ya umeme. Kabureta inataka psi 3 mpaka 4 hivi. Siku hizi pampu ya zamani ikifa mtu anafungiwa pampu ya gari ya EFI (inayopuliza mafuta kwa kompyuta, haina kabureta) yenye presha mara kumi ya hiyo, hakuna sindano ya floti itakayozuia, na ni hatari ya moto.

Ukishafungua, angalia pistoni ndogo ya pawa. Vakyumu ndo inaivuta juu, ukikanyaga inashuka na kuongeza mafuta. Ikiganda chini, au njia yake ya vakyumu ikivuja, gari inatembea muda wote kama inapanda mlima. Isogeze kwa kidole, iende na irudi yenyewe bila kukwama. Kama kwenye toleo lako mdomo wa pili wa kabureta unafunguliwa na vakyumu, jaribu na hiyo diaframu, ikichanika gari haina nguvu spidi ikipanda.

Jeti, vile vitundu vya kupimia petroli, angalia kwa lenzi. Zilizopanuliwa kwa waya au biti ya dreli zina mikwaruzo ndani na hazirudi, nunua nyingine. Nawaomba mafundi wenzangu, jeti inasafishwa kwa upepo na dawa ya kabureta tu, shimo lile limepimwa. Na ile skrubu ya mikscha inarekebisha muungurumo wa chini tu, haitibu moshi wa barabarani hata uizungushe vipi.

Msimimine petroli mdomoni mwa kabureta kuwasha injini, ikirudisha moto unamwunguza mtu uso.

Gari inayotoka pwani kwenda juu

Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300, na kabureta iliyosetiwa Dar inakuwa na petroli nyingi kuliko hewa ikifika nyanda za juu. Kwa hiyo Hilux iliyopanda Kitonga ikaendelea mpaka Mbeya kuwa nzito kidogo na plagi kuwa nyeusi kidogo si ugonjwa. Kama inaishi huko moja kwa moja weka jeti kuu yenye namba ndogo kidogo kuliko ya pwani na upandishe taiming nyuzi mbili tatu, ikianza kugonga rudisha.

Kama yako ni 22R-E

Hii ndo 22R ya EFI, haina kabureta. Pima sensa ya joto la maji inayopeleka habari kwenye kompyuta: kilo-omu 2 mpaka 3 injini ikiwa baridi nyuzi 20, na 0.2 mpaka 0.4 ikifika 80. Waya ukikatika kompyuta inaweza kuamini injini ni baridi na ikamwaga mafuta. Chomoa pia mpira wa vakyumu wa regyuleta ya presha, ukikuta petroli ndani regyuleta imekwisha.

Ukimaliza kutibu mwaga oili weka mpya pamoja na filta, funga plagi mpya, jaza tenki mpaka juu, endesha njia yako ya kawaida, jaza tena uone imekula lita ngapi. Kisha chomoa plagi zile zile uzipange mezani.