Kupanga Picha za Sura Zenye Utulivu wa Sinema Katika Mkahawa wa Nairobi

Ukitaka kupiga picha ya sura yenye uzito wa sinema, uso ukiwa umemulikwa upande mmoja na chumba kilichobaki kikiwa kimezama gizani, tafuta kwanza mkahawa wenye dirisha kubwa upande mmoja tu. Kumbi zenye vioo pande tatu, ambazo ni nyingi Westlands na Kilimani, hupendeza kwa chakula cha mchana, lakini humwagia mtu mwanga kutoka kila mahali, na uso uliomulikwa pande zote hukosa umbo. Kuta za mawe, mbao za rangi iliyokolea, rafu za vitabu na dari ya chini hunyonya mwanga. Kuta nyeupe huurudisha na kufifisha kivuli ulichokitafuta. Wengi wanaoanza huuchagua mkahawa kwa sababu ya maua na taa za kuning'inia, na hapo ndipo kazi huharibika kabla kamera haijatoka mkobani.

Nenda ukautazame mkahawa siku chache kabla, kwa saa ile ile utakayopigia picha, bila kamera. Agiza chai, keti karibu na dirisha, kisha inua kiganja chako usawa wa uso na ukigeuze polepole. Kikielekea dirishani moja kwa moja, mistari yake hupotea. Kikikaa kiubavu, kila mkunjo huonekana na nusu ya kiganja huingia kivulini. Pembe hiyo ya pili ndiyo utakayomketisha mtu wako. Kumbuka pia ni meza ipi, wahudumu hupita wapi, mashine ya kahawa iko umbali gani, na swichi za taa za dari zinashikwa na nani.

Upande unaoelekea dirisha ni jambo linalostahili kufikiriwa kwa makini, kwa sababu hapa jiografia yetu inatofautiana na ya waandishi wa miongozo mingi. Mpiga picha wa Ulaya hushauriwa kutafuta dirisha la kaskazini, kwa kuwa huko jua la mchana hupita upande wa kusini mwaka mzima. Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii 1 kusini mwa ikweta, na ushauri huo hapa unafaa nusu ya mwaka tu. Kuanzia katika nusu ya pili ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini ndilo linalopokea mwanga mtulivu wa anga bila miale. Miezi iliyobaki mambo hugeuka, na dirisha la kaskazini huwa ndilo salama. Dirisha la magharibi hupigwa na jua kali alasiri, nalo huhitaji pazia jepesi au siku ya mawingu. Mawingu tunayo: kati ya Juni na Agosti anga la jiji hufunikwa siku nyingi, na wingu zito hutandaza mwanga kama shuka kubwa jeupe. Kwa maoni yangu, Julai ndio mwezi bora wa kazi hii Nairobi. Baridi huwafanya watu wavae sweta na makoti bila kulazimishwa, na wakae wakikumbatia vikombe vyao kwa mikono miwili.

Kuhusu saa, siku za katikati ya wiki kuanzia saa 9 alasiri huwa na utulivu, kwa kuwa wateja wa chakula cha mchana wameondoka na wa jioni hawajafika. Jua letu huchwa karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, likitofautiana kwa kama robo saa tu, na machweo ya ikweta ni mafupi. Ukitaka picha ambayo anga la nje ni samawati na taa za ndani ni za manjano, una takriban dakika 20, na kila kitu lazima kiwe tayari kabla hazijaanza.

Ruhusa iombwe mapema kwa meneja, ana kwa ana. Mweleze ni watu wangapi, vifaa gani, meza ipi na kwa muda gani, na umhakikishie kwamba wateja wengine hawataonekana. Kubalianeni iwapo kuna ada au mtaagiza vyakula na vinywaji vya kiasi fulani, na ukilipa malipo ya awali kwa M-Pesa, hifadhi ujumbe wake. Ikiwa mkahawa umo ndani ya jengo la maduka, uliza pia uongozi wa jengo, kwa maana mlinzi wa mlangoni hajui makubaliano yenu na mara nyingi atamzuia mwenye kamera kubwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake binafsi; kwa hiyo mwandikie anayepigwa picha makubaliano mafupi yanayosema picha zitatumiwa wapi, hasa zikiwa za biashara.

Kazi kubwa siku yenyewe ni kupunguza mwanga. Omba taa za dari zilizo juu ya meza yenu zizimwe, kwa sababu mwanga wa kutoka juu huchimba mashimo machoni. Mketishe mtu umbali wa mita 1 hivi kutoka dirishani, ukuta ukiwa mita 4 au zaidi nyuma yake. Ukaribu huo hufanya mwanga upungue haraka kabla ya kufika ukutani, nao ukuta huingia gizani wenyewe. Akisogea karibu na ukuta, vyote viwili hupata mwanga unaokaribiana na picha hulala. Kisha tundika kitambaa cheusi kisichong'aa upande wa shavu lililo mbali na dirisha, nje kidogo ya fremu. Mita 2 za kaniki kutoka maduka ya vitambaa ya Mtaa wa Biashara zitakufaa kuliko taa yoyote ya bei, kwa kuwa huzuia mwanga unaoruka kutoka kuta na meza za jirani. Mgeuze taratibu mpaka pembetatu ndogo ya mwanga ionekane chini ya jicho lililo kivulini. Hapo simama, usimgeuze tena.

Taa moja ya manjano ikiwaka nyuma yake kwa mbali huipa picha kina. Hakikisha tu unaijaribu kwanza. Niliwahi kumpiga picha dada mmoja mshonaji chini ya taa za LED, nikitumia shata (kilango cha kamera kinachoruhusu na kuzuia mwanga) ya kielektroniki kwa kasi kubwa, na nilipofika nyumbani nikakuta picha karibu 40 zina mistari ya giza iliyolala usoni mwake. Ilinibidi nimpigie simu, nimwombe radhi na nimrudishe. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Tumia shata ya kawaida, ya kimakanika, kwa kasi ya 1/100 au 1/50 ya sekunde, kisha ikuze picha ya majaribio kwenye kioo cha kamera kabla ya kuendelea.

Lenzi ya milimita 50 hutosha katika mikahawa yetu midogo. Ya 85 ni nzuri zaidi kwa uso, mradi una nafasi ya kurudi nyuma. Ya 35 itumie kuonyesha meza na chumba, kwani ikisogezwa karibu na uso huvimbisha pua. Fungua tundu la lenzi hadi f/2 (namba ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa), au f/2.8 iwapo unataka macho yote mawili yaonekane bila ukungu. ISO, yaani kiwango cha kamera cha kuhisi mwanga, kati ya 800 na 1600 haina madhara makubwa kwa kamera za sasa. Weka mwenyewe joto la rangi, yaani mpangilio wa kamera unaoamua rangi zielekee samawati au manjano, karibu Kelvini 4300, ili mwanga wa dirisha uelekee ubaridi kidogo na wa balbu ubaki wa dhahabu.

Ngozi nyeusi inadai uangalifu ambao vitabu vya zamani havikuutoa. Kwa miongo mingi kadi ambazo maabara za picha zilitumia kupimia rangi, zile za Kodak, zilikuwa na sura ya mwanamke mzungu, na wetu wakatoka kama vivuli visivyo na nyuso. Mita ya kamera, yaani kipimio chake cha mwanga, nayo ikiona chumba cha giza hujaribu kukifanya kijivu: huinua weusi wote, na utulivu wa picha hutoweka. Pima mwanga kwenye shavu lililomulikwa peke yake, na ukiache chumba kiende kinakokwenda. Ngozi yetu huonyesha umbo kwa mng'ao wake zaidi, kwa hiyo dirisha pana lililo kiubavu huchora mfupa wa shavu vizuri kuliko taa ndogo ya mbele. Mafuta kidogo ya nazi kwenye paji na mashavu yanatosha. Poda nyingi huua mng'ao huo.

Mavazi yawe ya rangi zinazokubali kivuli: damu ya mzee, kahawia, kijani kilichokolea, kitambaa kizito chenye nyuzi zinazoonekana. Shati jeupe huvuta jicho kabla ya uso.

Mvuke wa chai hauonekani ukipigwa mwanga kutoka mbele. Weka kikombe kati ya mtu na dirisha, nyuma yake kukiwa na giza, na umwombe mhudumu maji yanayochemka kila baada ya dakika chache. Matone ya mvua kwenye kioo unaweza kuyatengeneza kwa maji yaliyochanganywa na gliserini ya duka la dawa, yakinyunyizwa kwa nje, mwenye mkahawa akikubali; gliserini huyafanya matone yakae bila kutiririka.

Usimwambie mtu atabasamu wala ahuzunike. Mpe jambo la kufanya: asome ujumbe wa zamani kwenye simu, au asubiri mtu aliyechelewa huku akiutazama mlango. Mikono ikipata kazi, mabega hushuka. Anza kwa mbali, ukiacha nafasi tupu upande anaoutazama, kisha sogea hadi kifua, na mwisho macho na vidole kwenye mpini wa kikombe. Nusu ya picha zangu ninazozipenda zilipatikana nilipotangaza kwamba tumemaliza na mtu akavuta pumzi.

Hifadhi picha katika faili ghafi (RAW), yaani kabla kamera haijazirekebisha yenyewe. Wakati wa kuzihariri, acha vivuli viwe vivuli, tia samawati kidogo katika giza, na ukitaka umbo la sinema zikate kwa uwiano wa 2.39 kwa 1. Zitazame pia kwenye simu iliyopunguzwa mwangaza hadi nusu, kwa kuwa ndiko wengi watakakozionea. Jicho lililo kivulini likipotea kabisa hapo, liinue kidogo, jicho tu.