Umevuka hamsini na unataka kuanza jimu hapa Dodoma? Anza hivi

Wenzangu wa hamsini kwenda mbele, hii naandika kwa ajili yetu, hasa sisi tulioletwa Dodoma na kazi serikali ilipohamia huku, maana maisha yetu ni ya kukaa, asubuhi kwenye gari kwenda Mtumba kwenye mji wa serikali umekaa, ofisini umekaa, kurudi umekaa, jioni mkikutana kwenye nyama choma umekaa tena. Ukimuuliza mtu wa umri wetu kwa nini anataka mazoezi atakwambia kitambi. Mi nasema kitambi kiache kwanza, angalia miguu. Miguu, makalio na mgongo, ile misuli inayokunyanyua kutoka chini. Kama choo cha kuchuchumaa kinakupa tabu kuinuka, kama msibani ukikaa kwenye mkeka lazima mtu akuvute mkono, kama kwenye swala unatafuta ukuta wa kushika, basi hapo ndo pa kuanzia, na dawa yake ni vyuma, sio kukimbia.

Kwa nini vyuma. Misuli ya binadamu inaanza kupungua toka miaka ya thelathini, inaenda polepole huoni, ukifika sitini inapungua kwa kasi zaidi, na kwa kina mama hedhi ikishakatika mifupa nayo inapoteza uimara haraka. Kutembea kunasaidia sana moyo, presha na sukari, sikatai, na tutembee, lakini kutembea peke yake hakurudishi misuli iliyoondoka. Inarudishwa na kusukuma na kuvuta kitu kizito. Na mtu asikwambie umechelewa, mwaka 1990 kuna watafiti wa Boston kule Marekani waliwapa vyuma wazee wa miaka tisini, watu wa kwenye makao ya wazee, wakafanya mazoezi ya miguu wiki nane tu na nguvu ya miguu ikaongezeka zaidi ya mara mbili. Kama bibi wa tisini ameweza wewe wa hamsini na tatu una nafasi kubwa mno.

Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, alafu na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Watu wengi wanashika hiyo nusu ya kwanza, ya pili wanairuka. Ile kampeni ya mazoezi ya Jumamosi ya pili ya mwezi aliyoizindua Mama Samia Desemba 2016 akiwa Makamu wa Rais ilitutoa wengi ndani, ni jambo zuri sana, ila mara moja kwa mwezi mwili haujengeki, lazima iwe kila wiki.

Sasa kabla hujanunua raba nenda kapime. Presha, sukari, uzito, na umwambie daktari wazi kwamba unataka kuanza kunyanyua vyuma. Presha ikisoma 140/90 kwenda juu mara kadhaa hiyo ni presha ya kupanda, haikuzuii mazoezi maisha yako yote ila itulizwe kwanza, na daktari ndo atakwambia lini uanze. Kama unatumia dawa kuna mambo mawili watu hawaambiwi. Kwanza dawa za presha kama atenolol na propranolol zinapunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo ile hesabu ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo, 220 toa umri wako, iliyobandikwa ukutani kwenye jimu nyingi haikuhusu, we tumia mdomo wako, kama unaweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba basi uko pale pale panapotakiwa. Pili, ukiwa na sukari na unachoma insulini au unameza vidonge kama glibenclamide, mazoezi yanaweza kushusha sukari ghafla, ukaanza kutetemeka, jasho la baridi, kichwa chepesi. Usiende na njaa, na mfukoni uwe na pipi au juisi, na mtu mmoja pale jimu ajue una sukari. Kifua kikibana, maumivu yakienda bega la kushoto au taya, pumzi ikakata, au ukaona kizunguzungu, acha hapo hapo uende hospitali, usisubiri kesho.

Wiki mbili tatu za mwanzo tembea tu. Dakika kumi, kesho kutwa kumi na tano, ongeza mpaka nusu saa. Dodoma bana ukitaka kutembea toka saa kumi na mbili asubuhi, maana ikifika saa nne jua limeshakuwa lingine, na kuanzia Juni mpaka Agosti asubuhi kuna baridi na upepo wa vumbi, kwa hiyo vaa sweta jepesi na ukiwa na pumu jifunge kitambaa puani. Maji kunywa hata kama huoni jasho, hewa yetu kavu inakausha jasho kabla halijadondoka, mtu anadhani hajatoka jasho kumbe limeshaondoka. Wa Area D na Area C wanapenda kupanda kuelekea Mlimwa, wengine wanapanda barabara za UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ni sawa, ila mwenye magoti mabovu ajue kushuka ndo kunaumiza magoti kuliko kupanda, apande apendavyo akishuka afupishe hatua asijiachie.

Wakati huo unatembea ndo unatafuta jimu. Mi nashauri uchague ya karibu na unapolala, au njiani kabisa, kuliko nzuri ya mbali. Kama unaishi Nkuhungu na kazi ni Mtumba usilipie jimu ya Nzuguni eti utakuwa unapitia, miezi miwili utaacha. Nenda kuitembelea saa ile ile utakayokuwa unaenda, sio Jumapili mchana ikiwa tupu, ukaone msongamano, ukaone kama kina mama wapo, kama kuna sehemu ya kubadilishia nguo yenye mlango unaofunga, kama sakafu haitelezi. Uliza wana vyuma vyepesi vya kilo mbili, tatu, tano, maana kuna jimu zina mitambo mikubwa inayong'aa lakini uzito wake mdogo kabisa ni wa kijana, hapo mtu wa hamsini anaanzia wapi. Lipa kwa siku mara chache kwanza, ukiona panakufaa ndo ukate mwezi, na mwaka mzima usilipe hata wakikupa punguzo.

Na usidharau jimu za uani huku mitaani. Unakuta bati limeezekwa juu ya nguzo nne, benchi la mbao limepigwa misumari na juu limefungwa sponji na turubai, vyuma vyenyewe ni bomba limechomekwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege pande mbili, mengine gia za magari mabovu. Zinajenga mwili vizuri kabisa, vijana wengi wametokea humo. Tatizo lake kwetu ni kwamba lile kopo halijaandikwa kilo, upande mmoja unaweza kuwa mzito kuliko mwingine, na mgongo wa umri wetu hauwezi kuvumilia kuvutwa upande mmoja. Kama ndo iliyopo, tumia makopo ya kushika mkononi moja moja, na uyapime kwenye mizani ya duka la nafaka ujue unabeba nini.

Kocha. Hili nalisisitiza maana limeharibu watu wengi. Kocha wengi ni vijana wa miaka ishirini na kitu, ukiingia anakupa shikamoo, anakuita mama au mzee, alafu anashindwa kukurekebisha kwa sababu ya heshima, anakuona umepinda mgongo ananyamaza. Au kinyume chake anakukimbiza kama anavyokimbiza wenzake, ruka hapa, chini juu chini juu, kesho huwezi kushuka kitandani. Kaa naye dakika tano mwambie hivi, "Mwanangu, mimi nina miaka hamsini na nne, natumia dawa za presha, goti la kulia linanisumbua. Nataka nguvu ya miguu na mgongo, sitaki kuruka. Na ukiona nakosea niambie, usinionee aibu." Akielewa hapo umepata kocha. Akicheka au akikwambia tu "mama, no pain no gain", yaani bila maumivu hupati kitu, tafuta mwingine.

Siku mbili kwa wiki zinatosha kuanzia, ziwe na nafasi katikati, mfano Jumanne na Ijumaa, misuli inajengeka wakati wa kupumzika. Pasha mwili dakika kumi, tembea kwenye mashine au endesha baiskeli ya pale pale. Alafu mazoezi matano tu: la kukaa na kusimama, la kusukuma (mashine ya kifua, au pushapu za ukutani), la kuvuta (ile kamba unayoivuta kuja tumboni ukiwa umekaa), la kubeba vitu viwili mikononi na kutembea navyo, na la kusimama mguu mmoja karibu na ukuta. Kila moja mara nane mpaka kumi na mbili, pumzika dakika moja au mbili, rudia, basi. Kubeba unatembea mara mbili tatu za hatua ishirini hivi, na mguu mmoja sekunde kumi kumi kila upande. Saa nzima haiishi.

Hili la kukaa na kusimama nalieleza vizuri maana ndo mama wa yote na unaweza kuanza nyumbani leo. Chukua kiti kisicho na mikono, kimo chake kifike kwenye goti, kiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa mbele ya kiti, sio nyuma kabisa. Miguu upana wa mabega, vidole vitazame nje kidogo, mikono ikunje kifuani. Inama mbele toka kiunoni, mgongo umenyooka, mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, alafu sukuma sakafu kwa visigino huku unapumua nje. Magoti yasiingie ndani yakagongana, yafuate vidole. Kushuka ndo kwenye kazi, hesabu moja, mbili, tatu taratibu, usijiangushe kwenye kiti. Ukishindwa kunyanyuka bila mikono weka mto mnene juu ya kiti, ukizoea toa mto, ukizoea zaidi shika kopo la kilo tano kifuani. Kupumua nje wakati wa kusukuma sio urembo, ukibana pumzi ukiwa na uzito presha inaruka juu sana kwa sekunde hizo.

Uzito gani? Ule ambao zile mara mbili za mwisho zinakuwa ngumu lakini bado unazifanya kwa mtindo mzuri. Ukifika kumi na mbili bila shida siku mbili za mazoezi zinazofuatana, ongeza kidogo, kilo moja mbili. Mwili kuuma siku ya pili na ya tatu ni kawaida, ni maumivu ya uchovu yaliyosambaa kwenye nyama, unatembea nayo yanaisha. Maumivu ya kuchoma ndani ya kiungo, goti, bega au kiuno, hayo sio ya kuvumilia, acha zoezi hilo na umwambie kocha.

Kula sasa. Misuli haijengwi kwa hewa, na wengi wetu tukianza mazoezi tunajinyima ili kitambi kiishe haraka, matokeo yake misuli nayo inaliwa. Ugali wa uwele au mtama na mlenda wa karanga hapa kwetu ni chakula kizuri tu, punguza tonge ongeza kitoweo, kunde, choroko, dagaa, mayai, mtindi, kila mlo uwe na kimojawapo. Yai moja lina kama gramu sita za protini, na wataalamu wanashauri mzee apate gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, kwa hiyo mtu wa kilo sabini anahitaji gramu sabini na kwenda juu, chai na chapati mbili asubuhi haitakufikisha. Mwenye shida ya figo aulize daktari kwanza. Zile enajidrinki na makopo ya poda yanayouzwa kaunta ya jimu achana nayo, hasa mwenye presha.

Maendeleo usiyapime kwa mizani. Siku ya kwanza kaa kwenye kile kiti, weka simu sekunde thelathini, mikono kifuani, hesabu umesimama mara ngapi kamili, andika. Kwa watu wa miaka 60 mpaka 64 kipimo hiki kinasema mwanamke chini ya mara 12 na mwanaume chini ya 14 yuko chini ya wastani, kwa hiyo wewe mdogo wao ukipata nane unajua kazi iliyopo. Rudia kila mwisho wa mwezi. Mizani inaweza isisogee hata kilo moja na hiyo namba ikapanda, na hiyo namba ndo itakayokutoa kwenye mkeka.

Na utakatisha, kila mtu anakatisha, kuna misiba, safari, mfungo, kuumwa. Ukikaa wiki mbili tatu hujaenda usirudi na uzito uliouacha, rudi na nusu yake, wiki inayofuata robo tatu, ya tatu utakuwa umefika ulipokuwa. Kama ulikuwa na malaria au homa yoyote, subiri homa iishe kabisa na hamu ya kula irudi, anza na kutembea siku kadhaa, ndo uende kwenye vyuma.